Chumvi ya Mama Annet

Gongoni, 4 Januari 2008

Kwa binti yangu Kaveke,

Leo ni miezi mitano na siku tano tangu nitoke hapo Laini Saba kuja huku kuvuna chumvi, na sijawahi kuhesabu siku kama nilivyozihesabu wiki hii. Uko salama? Mama yako yuko salama? Mimi mwili upo. Nyayo zimepasuka kwa sababu ya maji ya chumvi na nikijilaza zinawaka, lakini hayo umeshazoea kuyasikia.

Simu yangu ilitumbukia kwenye bwawa la chumvi siku moja baada ya Krismasi, ikafa papo hapo. Kwa hiyo msinipigie mkadhani nimewakataa. Habari tunazipata kwa redio ya msimamizi. Juzi walitaja Kibera yetu mara nne katika taarifa moja, nikaacha reki chini nikaenda kukaa kando. Msimamizi akaniuliza, "Muia, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, maana lilikuwa jibu fupi.

Malori hayajatoka tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe. Ule mfuko wa chumvi ninaowatengea kila mwezi bado uko chini ya kitanda changu. Shiundu, dereva wetu, anasema barabara ikifunguka atauleta yeye mwenyewe. Barua hii nampa utingo wa basi, na kama ataifikisha sijui.

Mwambie mdogo wangu Kavoi nimesema asiwaache peke yenu. Na mkikwama, Mama Annet yuko mlango wa pili. Miaka kumi na moja ya ujirani si kitu kidogo.

Niandikie hata mistari mitatu.

Baba yako,
Muia


Laini Saba, 12 Januari 2008

Kwa Baba,

Barua yako tumeipata jana na Mama ameilalia chini ya mto. Natumai miguu imepata nafuu. Sisi tuko hai. Nikisema wazima nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu Mama ametapika siku tatu na leo ndiyo kwanza uji umekaa tumboni.

Nitakueleza kwa mpangilio. Baada ya mwaka mpya maduka yote yalifungwa na mengine yalichomwa. Chumvi haikupatikana popote. Jumatatu Mama Annet akafungua gunia pale kwenye kibanda chake cha mboga, chumvi nyeupe ya chembechembe, akawapimia watu wa ploti kwa kikombe. Mama akachukua kikombe kimoja.

Tulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Mama akatia magadi yalainike, kama siku zote, kisha ile chumvi. Sufuria ilipochemka, harufu iliyotoka, Baba, ilikuwa ya choo cha shule. Macho yalitutoka machozi. Mama akasema ni maharagwe ya zamani, akafungua mlango, akaonja, akaona haijakolea, akaongeza chumvi. Tulikula kwa sababu hapakuwa na kingine. Mimi nilikula vijiko viwili vikanishinda. Mama alimaliza sahani.

Kwa Nzembi ikawa hivyo hivyo. Kwa Mutinda anayekusanya kodi ikawa hivyo hivyo, na watoto wake wawili wakapelekwa zahanati. Lakini kwa Wangila fundi wa viatu na kwa Waluhya wengine wa ploti, wenzake Mama Annet, hakuna aliyesikia harufu. Wao walisema tu chumvi ni mbovu, haina ladha, wakaiacha.

Unajua siku hizi zilivyo. Mutinda alisimama karibu na mfereji wa maji akaanza kupaaza sauti: "Mbona ni nyumba za Wakamba tu zinazonuka? Huyu mama ametupimia yetu kando!"

Mama Annet akatoka na kikombe mkononi. "Mutinda, nilipima kwa kikombe hiki hiki. Wewe mwenyewe ulisema nikuongezee kidogo, nikakuongezea."

"Uliniongezea sumu!"

"Na wewe ukasema asante."

Watu wengine walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomharibia. Mutinda alimuuliza gunia limetoka wapi. Alimuuliza mara tatu, na mara tatu Mama Annet alitazama mlango wetu asijibu. Sasa wamempa mpaka kesho atoke, na vijana wanasema akikataa watamtoa na nyumba yake.

Nimeweka ile chumvi iliyobaki kwenye mkebe wenye kifuniko. Baba, wewe unamjua Mama Annet. Unasemaje?

Bintiyo,
Kaveke


Gongoni, 17 Januari 2008

Kaveke binti yangu,

Salamu zako nimezipata, na habari za mama yako zimeninyima usingizi. Ametapika siku tatu na mimi niko huku nakusanya chumvi ya watu. Mpe maji mara kwa mara hata akikataa.

Unauliza nasemaje. Nasema hivi: mtu asiye na hatia akiulizwa gunia limetoka wapi, anasema limetoka kwa fulani. Huyo alinyamaza mara tatu. Mimi nilikaa naye vizuri miaka yote hiyo, nikambebea mtoto wake hospitali mgongoni, lakini redio inatuambia mambo ambayo majirani wa miaka ishirini wamefanyiana huko Bonde la Ufa. Sasa nani ataniambia jirani wangu ni tofauti?

Usitie mguu kwa mwanamke huyo. Ule mkebe mwage chooni. Kaa karibu na Kavoi.

Shiundu ameruhusiwa kutoka kesho na msafara wa malori, na mfuko wenu wa chumvi anao. Hiyo pikieni bila hofu. Nimeivuna kwa mikono hii.

Baba yako,
Muia


Laini Saba, 29 Januari 2008

Kwa Baba,

Mama sasa anatembea mpaka mfereji na anakusalimu sana. Ananiambia nikuulize kama mnapata hata samaki huko. Mfuko wako umefika. Shiundu aliuacha kwa fundi wa baiskeli kando ya reli.

Mkebe sikuumwaga. Nisamehe. Nitakwambia sababu, halafu unigombeze.

Shuleni, Madam Waceke hutupa unga kwenye karatasi bila jina. Anaita Kitu K au Kitu M. Kazi yetu ni kujua ndani yake mna nini. Kila chumvi ina sehemu mbili zilizoshikana, zinaitwa ayoni. Hii unayovuna wewe ni sodiamu na kloridi. Zipo chumvi nyingi zinazofanana na yako kwa macho na si chakula. Tunachora ukurasa mara mbili: upande huu ulichoona, upande ule maana yake. Ukiandika maana kabla ya kuona, Madam anakata yote kwa kalamu nyekundu, hata kama umepatia.

Nilikaa nikaandika nilichoona. Nyumba zilizonuka: tatu. Zilipika nini? Muthokoi, zote tatu. Nyumba zisizonuka zilipika sukuma wiki. Nikajiuliza kwenye sukuma kunakosekana nini. Magadi, Baba! Hakuna anayetia magadi kwenye sukuma. Na moja kati ya vipimo vyetu ni kuchemsha kitu na dawa ya jamii hiyo ya magadi na kunusa. Kama mna ayoni ya amonia ndani, inatoka kama mvuke na harufu yake ni ya mkojo.

Jumapili mchana watu wakiwa wametoka kanisani nikaweka jiko katikati ya ploti. Nikaomba chumvi ya gunia kutoka nyumba tatu: yetu, ya Mutinda na ya Wangila. Nikaweka kila moja kwenye mkebe wake na maji, na mkebe wa nne nikatia chumvi yako. Nikachemsha. Hakuna harufu. Vijana walianza:

"Kaveke, unatupikia supu ya nini?"

"Wee, ni daktari huyo, hamjui?"

Nikatia magadi kijiko kimoja kila mkebe. Haikuchukua dakika. Wa kwetu ukanuka, wa Mutinda ukanuka, na wa Wangila ukanuka vilevile. Wangila mwenyewe aliruka nyuma akaangusha stuli. "Yesu! Kumbe nimekuwa na choo kwenye kabati!" Wa nne, wenye chumvi yako, ukachemka kimya kama maji ya chai. Mama akachota kwa kijiko, akapuliza, akaonja mbele ya watu, akasema, "Hii ndiyo chumvi. Hii ni ya mume wangu."

Nikamwambia Mutinda, "Mzee, ilikuwa moja kwa watu wote. Hakuna aliyepimiwa kando. Magadi ndiyo yaliyotofautisha nyumba."

Aliinama akanusa mkebe wake. "Basi alitaka kutuua wote."

"Sijasema nani alitaka nini. Nimesema ni kitu kimoja."

"Daktari wa mkojo," akasema kijana mmoja, lakini kwa sauti ya chini, na Nzembi akamkaripia.

Ila nimechelewa. Mama Annet aliondoka tarehe 13 na watoto na vyombo kwenye mkokoteni, akaenda Kawangware kwa dada yake. Mutinda ametia kufuli yake mlangoni. Madam Waceke naye alihamia Kawangware shule ilipovamiwa. Njia zikitulia nitaenda kwake nijue hasa kitu hiki ni nini. Nitabeba na chumvi yako kidogo tuilinganishe.

Bintiyo,
Kaveke


Gongoni, 6 Februari 2008

Binti yangu,

Natumai barua hii itawakuta mnakula vizuri. Samaki tunapata, mwambie mama yako, ila ni wadogo na wana miiba mingi kuliko nyama.

Barua yako nimeisoma mara tano. Mara ya sita niliwasomea wenzangu wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Mzee mmoja wa hapa, amevuna chumvi tangu kabla sijaoa, alisema, "Mtoto huyo ana pua na kichwa, na wengi wetu tuna pua tu." Nilijisikia kama mtu aliyeongezewa urefu.

Mimi niliacha darasa la sita. Nilidhani kemia ni kukariri majina ya kizungu ili upate cheti. Sikujua ni njia ya kukaa kimya mpaka kitu chenyewe kiseme. Wewe una miaka kumi na saba, watu wamekuzunguka na hasira, na ukaanza kwa kuandika nani alipika nini. Mimi, mtu mzima, nilisoma barua yako ya kwanza na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshamhukumu mtu. Nilikosea kukwambia umwage mkebe. Nashukuru hukunisikia.

Kuhusu chumvi yangu, mwambie mwalimu haikusafishwa. Bahari ikikauka bwawani, chumvi nzuri inaanguka kwanza na juu yake hubaki maji machungu, mazito kama mafuta. Hayo tunayafungulia lango yatoke. Wiki niliyowatengea mfuko huo lango lilichelewa kufunguliwa, kwa hiyo kipimo kikionyesha uchafu kidogo asikulaumu wewe.

Ukienda usikatize ndani ya vichochoro. Pita mtaa wa Olympic, ushike Ngong Road, watu ni wengi. Na ukimuona Mama Annet, muulize tu gunia lilitoka wapi. Hilo bado sijalielewa.

Baba yako,
Muia


Laini Saba, 17 Februari 2008

Kwa Baba,

Hujambo huko? Mama ni mzima kabisa, juzi amefua. Barua hii ni ngumu kuiandika, naomba uisome ukiwa peke yako, usiwasomee wenzako.

Ijumaa nilienda Kawangware. Madam Waceke anaishi kwa dada yake, chumba kimoja na jikoni ya gesi. Siku shule ilipovamiwa, watu walikuwa wanabeba madawati, yeye akabeba chupa za maabara kwenye debe la biskuti. "Madawati yatachongwa mengine," akaniambia. Tulitandaza magazeti juu ya meza. Kitu cha gunia kushoto, chumvi yako kulia. Hakunisaidia. Alikunja mikono akasema, "Mimi ni ukuta. Fanya."

Zote mbili ziliyeyuka, maji yakawa maangavu. Niliichovya waya kwenye chumvi yako nikaiweka kwenye moto wa gesi, moto ukawaka njano, njano ya nguo za mafundi wa barabara. Hiyo ni sodiamu. Kwa kitu cha gunia moto haukubadilika hivyo. Nikakitia ile dawa ya jamii ya magadi na kupasha moto: karatasi nyekundu ya kupimia ikageuka buluu na harufu ikaja. Amonia, kama nilivyofikiri.

Ikabaki sehemu ya pili. Nilidondosha dawa yenye madini ya risasi kwenye zote mbili. Zote zikafanya maziwa meupe, nikakata tamaa. Madam akakohoa tu. Nikakumbuka kuzipasha moto. Maziwa ya chumvi yako yalipotea, ukabaki ukungu kidogo, na nikamweleza habari za lango na maji machungu. Madam alifurahi mpaka akaandika. Yalipopoa, Baba, yakarudi kama sindano nyembamba zinazong'aa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikitoka kwenye jasho lako. Maziwa ya gunia yalibaki vilevile, hata yalipochemka. Nikatia asidi kwenye unga wake, hakuna povu. Basi si kaboneti. Ni salfeti.

"Sasa sema," Madam akaniambia.

"Salfeti ya amonia."

"Na watu huitia wapi?"

Nilikuwa sijui. Akasema, "Kwenye shamba, Kaveke. Hiyo ni mbolea."

Mama Annet anakaa karibu na hapo, nyuma ya soko. Alikuwa anachambua mboga. Nilimwambia yote, kitu kwa kitu, na nilipofika mahali pa kusema chumvi yako ni nyingine kabisa, aliacha kisu. "Unasema hii si ya Muia?"

Baba, ni anko Kavoi aliyempa gunia. Alimwambia umelituma wewe kutoka kazini. Mama Annet akalipokea kwa jina lako, na watu walipoanza kutapika alidhani ni wewe uliyekosea. Ndiyo maana alikuwa anatazama mlango wetu. Alisema, "Ningesemaje mbele ya Mutinda kwamba sumu imetoka kwa Muia, mkewe amelala ndani, na wewe umesimama hapo na sare ya shule?"

Akaniuliza, "Na baba yako alisema nini alipopata habari?"

Nilitaka kudanganya. Nikanyamaza, akajua.

"Mimi nilimfichia," akasema. "Yeye hakuuliza." Akaendelea kuchambua mboga.

Kavoi nilimkuta nyumbani. Alisema watu walivunja stoo karibu na reli siku matokeo yalipotangazwa, gunia lilikuwa limelowa halina maandishi, akaonja kwa ncha ya ulimi likauma kama chumvi. "Ningesema ni la wizi nani angelichukua? Jina la kaka yangu ndilo lililokuwa safi." Nilimwambia achague: aseme yeye au niseme mimi. Leo baada ya kanisa alisema, karibu na mfereji, mbele ya wote. Mutinda alimzaba kofi moja, halafu akaenda mwenyewe kufungua kufuli ya Mama Annet. Wangila amefagia ndani.

Mchana huu huu nimempelekea Mama Annet habari kwamba nyumba iko wazi. Jioni amenijibu kwa mtu: ya Mutinda ameyasikia na ameyasamehe, lakini hatarudi kukaa mlango wa pili na watu ambao hajui wanamwonaje.

Sijui nifanye nini zaidi. Hiki hakina kipimo.

Bintiyo,
Kaveke


Gongoni, 3 Machi 2008

Kwa Kaveke wangu,

Nimesoma nikiwa peke yangu, kama ulivyotaka. Wewe na mama yako mkae na amani. Redioni wanasema wakubwa wametia sahihi mkataba wa amani na watu hapa walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, lakini mawazo yangu yalikuwa nyuma ya soko la Kawangware.

Ulifanya yote yaliyokuwa yako, na uliyafanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua mwenye kazi au cheo. Nikikuwazia kwenye hiyo meza ya magazeti, mwalimu amekunja mikono, na wewe unakumbuka mwenyewe kupasha moto, nasahau nyayo zangu. Usijilaumu kwa kunyamaza alipokuuliza. Ungemdanganya ningeona haya zaidi.

Lakini hili lililobaki ni langu. Nilianza kumwandikia barua, nikaichana. Nikaanza nyingine. Mtu aliyenibebea aibu mbele ya ploti nzima siwezi kumtumia karatasi kwa mkono wa dereva. Kavoi namwandalia maneno yake, na atayasikia akiwa amekaa.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi alikataa mara mbili, mara ya tatu nikamwambia nitaenda hata akiniandikia nimeacha kazi, akanipa siku nne za Pasaka. Nitatoka na Shiundu Ijumaa Kuu. Sitashukia Laini Saba. Nitashukia Ngong Road niende Kawangware kwa miguu, kama ulivyokwenda wewe, nimwambie Mama Annet kwa jina lake mwenyewe, Nasipwondi, kwamba nilimhukumu bila kumuuliza, kisha nikae nisikie atakachoniambia, hata kama ni kirefu.

Msinipikie siku hiyo. Akinipa chakula nitakula kwake, asiponipa nitakuja na njaa yangu. Kwa hesabu yangu nitakuwa mlangoni pake Jumamosi tarehe 22 Machi kabla ya saa sita mchana, na mlangoni penu siku hiyo hiyo, saa yoyote atakayoniachilia.

Baba yako,
Muia